Fedha ya mavuno ya Kilangali na safari ndefu ya hisa na hatifungani

MSIMU wa mavuno ya mpunga unapowadia katika kata ya Kilangali, wilayani Kilosa, fedha nyingi hupita mikononi mwa watu kwa muda mfupi. Mkulima huuza magunia, hulipa deni la trekta na vibarua, hununua mabati na kulipa ada ya shule. Kinachobaki hukaa kwenye simu ya mkononi au chini ya godoro kikisubiri shauri. Sehemu ya fedha hiyo hailali kijijini kabisa, kwa kuwa ni mali ya watumishi na wafanyabiashara wa Morogoro na Dar es Salaam wanaokodi mashamba vijijini na kuyasimamia kutoka mjini, wale wanaojulikana kwa utani kuwa ni wakulima wa simu.

Swali linalowakabili wote wawili, mwenye jembe na mwenye simu, ni moja. Kiasi ambacho hakitahitajika mwaka huu wala mwakani kiwekwe wapi, ili baada ya miaka 15 au 20 kiwe kimeongezeka badala ya kuyeyuka?

Jibu lililozoeleka ni kiwanja, ng'ombe, bodaboda, au kununua mpunga bei ikiwa chini na kuuweka ghalani hadi bei ipande. Hakuna ubaya katika hayo, na wapo waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa njia hizo. Tatizo ni kwamba mengi kati yake hutegemea mvua ile ile, bonde lile lile na wanunuzi wale wale. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuikata reli ya kati. Mtu mwenye nyumba, shamba na ghala katika bonde moja huweza kuvipoteza vyote kwa usiku mmoja, hata kama kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kilikuwa uwekezaji wa busara.

Mbegu na chakula

Kilangali ina somo lake kuhusu jambo hili. Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) una shamba la mbegu katani humo. Mpunga unaovunwa katika shamba la mbegu hauendi sufuriani; husafishwa, huhifadhiwa na kurudishwa ardhini msimu unaofuata. Mkulima yeyote anajua kwamba anayekula mbegu hana cha kupanda, na bado mkulima huyo huyo, akiwa na shilingi milioni moja mkononi, huona vigumu kutenga kiasi ambacho ni mbegu na kiasi ambacho ni chakula.

Mtaji wa muda mrefu ni mbegu. Kabla ya kuutenga, wataalamu wa fedha hushauri mambo mawili yatangulie. La kwanza ni kulipa madeni yenye riba kubwa, kwa sababu hakuna hisa wala hatifungani inayoweza kumlipa mtu kiasi kinacholingana na kile anachotozwa na mkopeshaji wa mtaani kwa mwezi. Anayelipa deni la riba ya asilimia 10 kwa mwezi amepata faida ambayo hataipata kwenye soko lolote halali. La pili ni akiba ya dharura, yaani fedha ya kuendesha nyumba kwa miezi mitatu hadi sita, iliyowekwa mahali inapoweza kupatikana haraka. Asiye na akiba hiyo hulazimika kuuza hisa zake siku mtoto anapolazwa hospitali, na ugonjwa haungoji bei ya soko iwe nzuri.

Mkulima wa mpunga anahitaji akiba kubwa zaidi ya mtumishi wa mshahara, kwa sababu mapato yake huja mara moja kwa mwaka na mwaka mwingine hayaji. Jambo hili vitabu vingi vya uwekezaji vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havilitaji, kwa kuwa huwaandikia watu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi.

Panya wasioonekana

Wengi huamini kuwa fedha iliyolala benki iko salama. Iko salama dhidi ya mwizi, lakini haiko salama dhidi ya mfumuko wa bei, ambao huila kama panya walavyo gunia kwa chini huku juu likionekana limejaa. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini Tanzania ulifikia asilimia 19.8. Aliyekuwa na akiba ya kawaida yenye riba ya asilimia 3 wakati huo alikuwa akipoteza takriban shilingi 14 katika kila 100 za uwezo wake wa kununua, ingawa kitabu chake cha benki kilionyesha ongezeko.

Miaka ya karibuni mfumuko umetulia, ukiwa kati ya asilimia 3 na 5 kwa muda mrefu. Hata hivyo utulivu huo nao hula. Ikiwa bei zitapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kitu kinachouzwa shilingi milioni moja leo kitauzwa takriban shilingi milioni 2.65 baada ya miaka 20. Shilingi milioni moja iliyowekwa kwa riba ya asilimia 3 itakuwa imefika milioni 1.8 tu. Ikiwekwa mahali panapotoa asilimia 12, na faida ikarudishwa kila mwaka bila kuliwa, itakuwa milioni 9.6.

Tofauti hiyo haitokani na ujanja wowote. Inatokana na faida kuzaa faida. Mtu anayetenga shilingi 50,000 kila mwezi mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka atakuwa na takriban shilingi milioni 10.2 baada ya miaka 10, akiwa amechangia milioni 6 mwenyewe. Baada ya miaka 20 atakuwa na karibu milioni 38, na mchango wake ni milioni 12. Baada ya miaka 30 atakuwa na milioni 113, naye kachangia milioni 18 tu. Miaka 10 ya mwisho huleta zaidi ya miaka 20 ya mwanzo kwa pamoja, na ndiyo maana kijana wa miaka 25 mwenye kidogo humpita mtu wa miaka 45 mwenye kingi. Hesabu hiyo ni ya makisio. Soko halilipi kiwango kilekile kila mwaka.

Kuikopesha Serikali

Mlango wa kwanza ulio wazi kwa mwananchi wa kawaida ni hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania (BoT) kwa njia ya mnada. Zipo za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na, kuanzia mwaka 2021, za miaka 25. Kiwango cha chini cha kushiriki ni shilingi milioni moja, na mnunuzi hupitia benki au kwa wakala wa soko aliyeidhinishwa. Riba hulipwa kila baada ya miezi sita, na riba ya hatifungani za Serikali za miaka mitatu au zaidi haikatwi kodi ya zuio.

Hatifungani ya miaka 25 iliyouzwa kwa mara ya kwanza Aprili 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Aliyechukua ya shilingi milioni 10 hupokea shilingi 797,500 kila nusu mwaka, sawa na shilingi 1,595,000 kwa mwaka, hadi mwaka 2046 atakaporudishiwa milioni 10 zake. Mwaka uliofuata, 2022, riba ya hatifungani mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Waliokuwa wameshika zile za zamani walijikuta na mali ambayo wengine walikuwa tayari kuinunua kwa zaidi ya thamani yake ya awali.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisisitizi. Bei ya hatifungani iliyo sokoni hupanda riba mpya zinaposhuka, na hushuka riba mpya zinapopanda. Anayekusudia kuishika hadi mwisho hahangaishwi na hilo, kwani Serikali italipa kiasi kilekile. Anayelazimika kuuza katikati ya safari huweza kupata hasara kwenye kitu alichoambiwa kuwa hakina hasara.

Lipo na la pili, zito zaidi. Milioni 10 zitakazorudishwa mwaka 2046 hazitakuwa milioni 10 za mwaka 2021. Kwa mfumuko wa asilimia 5, uwezo wake wa kununua utakuwa sawa na shilingi milioni 3 hivi za wakati wa kununua. Mwenye hatifungani anayekula riba yote kila nusu mwaka anakula na sehemu ya mbegu bila kujua. Katika kila shilingi 15.95 anazopokea, tano hivi zilipaswa kurudishwa shambani ili mtaji ubaki na ukubwa wake wa awali. Wastaafu ndio wanaoathirika zaidi na kosa hili, kwa kuwa miaka ya mwanzo riba inaonekana kubwa mno.

Zipo pia hatifungani za taasisi. CRDB ilitoa hatifungani ya Kijani mwaka 2023 kwa riba ya asilimia 10.25, na Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa yake ya miaka 10 mwaka 2024 kwa riba ya asilimia 13.5. Kanuni ni ileile, ila anayekopeshwa si Serikali Kuu, na mkopeshaji anapaswa kusoma waraka wa matarajio ili ajue fedha ya kumlipa itatoka wapi.

Kuwa mwenye mali

Aliyenunua hatifungani amekopesha. Aliyenunua hisa amekuwa mwenye mali, na mwenye mali hula cha mwisho baada ya kila mtu kulipwa. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na mwaka huo huo ikafuata Kampuni ya Bia Tanzania (TBL). Tangu hapo limekua taratibu, na historia yake inatosha kumfundisha mwekezaji bila kwenda New York.

Mwaka 2008 Serikali iliuza sehemu ya hisa zake za benki ya NMB kwa shilingi 600 kila moja. Wananchi walijitokeza kwa wingi kiasi kwamba maombi yalizidi hisa zilizokuwapo. Aliyebahatika kupata hisa 1,000 alitoa shilingi 600,000. Kwa mwaka wa fedha 2023 pekee, benki hiyo ilitangaza gawio la shilingi 361.18 kwa hisa, maana yake mtu huyo alistahili zaidi ya shilingi 361,000 kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Zaidi ya nusu ya fedha aliyotoa ilirudi kwa mwaka mmoja, na hisa zake bado anazo, zikiwa zimepanda bei mara kadhaa.

Simulizi hiyo hupendwa na mawakala wa soko, na ni ya kweli. Lakini inaruka sehemu ngumu. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2022 bei ya hisa za NMB ilikaa karibu mahali pamoja, biashara yake ikiwa haba, na mwenye haraka alikuwa na kila sababu ya kuziuza na kununua kiwanja.

CRDB ni somo kali zaidi. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka mitano baadaye zilikuwa zimepita shilingi 400 na kila aliyekuwa nazo alijiona ana akili. Mwaka 2015 benki iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Kisha hali ikageuka: mikopo chechefu ikaongezeka, faida ikashuka, gawio la mwaka 2017 likawa shilingi 5 tu kwa hisa, na mwaka 2019 bei ilikuwa imeanguka chini ya zile shilingi 150 za mwanzo. Baada ya miaka 10 ya subira, mwenye hisa alionekana amefanya kazi bure.

Wengi waliuza wakati huo. Waliobaki waliona gawio la mwaka 2023 likifika shilingi 50 kwa hisa na la mwaka 2024 likifika 65, huku bei ikivuka shilingi 600 mwaka 2024. Benki haikuwa imekufa mwaka 2019. Ilikuwa inauguza majeraha. Aliyesoma hesabu zake za mwaka, ambazo kampuni zote za sokoni hulazimika kuzichapisha, aliweza kuona kwamba biashara bado ipo. Aliyetazama bei pekee hakuweza.

Je, basi kila hisa iliyoanguka isubiriwe? Hapana, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Shirika la ndege la Precision Air liliuza hisa zake mwaka 2011 kwa shilingi 475. Hazikununuliwa zote, na miaka iliyofuata kampuni iliandamwa na hasara. Subira haikumsaidia mwenye hisa hizo kama ilivyomsaidia wa CRDB. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 katika mauzo makubwa ya shilingi bilioni 476, yaliyotokana na sheria iliyozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa kwa umma. Makumi ya maelfu ya Watanzania walinunua kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wengi wakitarajia kuuza kwa faida baada ya wiki chache. Kwa miaka mingi baada ya hapo bei ilidumu chini ya 850.

Wakenya walipitia hayo hayo na Safaricom, iliyouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya na kuombwa na watu zaidi ya 800,000. Ndani ya mwaka mmoja bei ilishuka hadi chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilivuka shilingi 40. Mwaka 2024 ilikuwa imerudi kwenye shilingi kumi na kitu. Katika safari hiyo moja wapo waliotajirika, wapo waliokatwa mtaji, na wote walikuwa na hisa za kampuni ileile. Kilichowatofautisha ni siku waliyoingia na siku waliyotoka.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kujua mwaka 2008 kwamba NMB itapanda, wala mwaka 2011 kwamba Precision itaanguka, kinga pekee ya mtu wa kawaida ni kutoweka yote mahali pamoja na kutoingiza yote siku moja. Aliyegawa fedha yake sawasawa katika hisa za NMB, CRDB na Precision, kila moja kwa bei yake ya mwanzo, angekuwa na kampuni moja iliyomwangusha na bado angetoka na faida kubwa. Anayenunua kidogo kila baada ya mavuno, mwaka hadi mwaka, hununua nyingine kwa bei ya juu na nyingine kwa bei ya chini, na hahitaji kuwa mtabiri.

Soko la Dar es Salaam lina udhaifu wake na si haki kuuficha. Kampuni ni chache, nyingi kati ya zenye nguvu ni mabenki, na hisa za baadhi hukaa wiki nyingi bila mnunuzi. Fedha itakayohitajika ndani ya miaka mitano haifai kuwekwa huko.

Kununua kwa pamoja

Asiye na muda wa kusoma hesabu za kampuni ana njia nyingine. Mwaka 2005 Serikali kupitia Dhamana ya Uwekezaji Tanzania, ambayo sasa inajulikana kama UTT AMIS, ilianzisha Mfuko wa Umoja. Mwananchi hununua vipande, fedha za wote huchanganywa, na meneja wa mfuko huziweka katika hisa na dhamana za Serikali. Ikafuata mifuko mingine: Wekeza Maisha mwaka 2007, Watoto na Jikimu mwaka 2008, Ukwasi mwaka 2013 na Hatifungani mwaka 2019. Huyu mwenye shilingi 100,000 anapata mtawanyiko ambao peke yake angehitaji mamilioni kuupata. Mfuko wa Ukwasi, ambao huwekeza kwa muda mfupi, hufaa kuwekea akiba ya dharura. Umoja ni wa masafa marefu.

Fikra ya mfuko wa pamoja si ngeni kwa mtu aliyewahi kucheza upatu au kuweka hisa katika VICOBA. Kilichopo cha ziada ni usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), pamoja na ukweli kwamba mfuko hauvunjwi kila Desemba. Vikundi vingi hugawana kila kitu mwisho wa mwaka na kuanza upya kutoka sifuri, jambo linalofaa kwa sikukuu na ada lakini linaua faida juu ya faida kabla haijaota mizizi.

Huko Marekani, John Bogle wa kampuni ya Vanguard alianzisha mwaka 1976 mfuko wa kwanza kwa wawekezaji wadogo ambao ulinunua tu hisa za kampuni zote kubwa bila kuchagua, kwa gharama ndogo sana. Alichekwa. Miongo iliyofuata ilionyesha kuwa mameneja wengi waliolipwa vizuri kuchagua hisa walishindwa kuufikia mfuko wake, na sababu kubwa ilikuwa gharama. Kwa Mtanzania jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Kununua hisa DSE hugharimu takriban asilimia 2 ya thamani, na kuuza hugharimu kama hiyo tena. Anayenunua na kuuza mara tatu kwa mwaka amempa wakala na soko zaidi ya shilingi 12 katika kila 100 zake kabla hajapata chochote. Anayenunua mara moja na kukaa miaka 15 hulipa mara moja.

Ikumbukwe pia kuwa mfanyakazi anayechangia mfuko wa hifadhi ya jamii ni mwekezaji tayari, apende asipende. Kiwanda cha sukari cha Mkulazi kilichopo Mbigiri, wilayani Kilosa, kimejengwa na kampuni inayomilikiwa na NSSF pamoja na Shirika la Magereza. Karani wa Kariakoo anayekatwa mchango kila mwezi ana miwa yake huko, ingawa hajawahi kuiona.

Mbegu zisizoota

Lugha ya mbegu ina historia chungu. Kati ya miaka ya 2007 na 2009 taasisi iliyojulikana kwa jina la DECI iliwaalika Watanzania "kupanda mbegu" na "kuvuna" mara mbili au zaidi baada ya muda mfupi. Walipanda walimu, askari, mama lishe na waumini wa makanisa mengi, wengine kwa fedha za mkopo na wengine kwa fedha ya mazao. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli hizo, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani wakurugenzi wake. Hakukuwa na shamba lolote. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata.

Miaka 11 baadaye umma ulitumbukia tena. Mwaka 2020 mkurugenzi wa kampuni iliyojiita Mr Kuku alifikishwa mahakamani kwa kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida kubwa ya ufugaji. Safari hii mbegu ilikuwa kifaranga. Kila miaka michache jina hubadilika, na siku hizi mwaliko huja kupitia makundi ya simu, lakini hesabu ni ileile.

Hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu. Ikiwa fedha inaongezeka mara mbili kila miezi miwili, shilingi 10,000 huwa 640,000 baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka miwili huwa karibu milioni 41. Baada ya miaka mitatu, bilioni 2.6. Mtu mwenye biashara ya namna hiyo hana haja ya shilingi 10,000 ya mkulima wa Kilangali. Angekopa benki mara moja na kununua wilaya nzima. Uwekezaji halali nchini kwa kipindi kirefu hulipa kati ya asilimia 8 na 16 kwa mwaka. Anayeahidi kiasi hicho kwa wiki aulizwe leseni ya BoT au CMSA, na kama hana, mazungumzo yaishie hapo.

Hata benki zenye leseni hufungwa. Tarehe 4 Januari 2018 BoT ilizifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, zikiwamo Benki ya Wakulima Kagera, Benki ya Wananchi Njombe na Benki ya Wananchi Meru, ambazo wateja wake walikuwa watu wa mazao kama hawa wa Kilosa. Bima ya amana wakati huo ilifidia hadi shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye akaunti. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 7,500,000. Mwenye zaidi ya hapo katika benki ndogo ana sababu ya kuigawa.

Karatasi na warithi

Kuanza si kugumu kama wengi wanavyodhani. Mtu huhitaji kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki, na akaunti ya kuhifadhi dhamana, maarufu CDS, ambayo hufunguliwa kupitia wakala wa soko, benki au programu ya simu ya DSE iitwayo Hisa Kiganjani. Vipande vya UTT hulipiwa hata kwa simu, na mkazi wa Kilangali halazimiki tena kupanda basi hadi Morogoro mjini kwa ajili hiyo. Hisa na hatifungani haziandikwi kwenye cheti cha kutundika ukutani. Zimo katika kumbukumbu za kompyuta kwa jina la mwenye akaunti.

Hilo ndilo linalozaa tatizo la mwisho, ambalo huonekana miaka mingi baadaye. Uwekezaji wa miaka 25 huweza kumpita umri mwenyewe. Shamba linaonekana na kila jirani analijua, lakini akaunti ya CDS haina mipaka ya kupandwa minyonyo. Mwenye hisa anapofariki, familia hulazimika kufungua mirathi mahakamani, msimamizi ateuliwe, na barua ya uteuzi ipelekwe kwa wakala ndipo hisa zihamishiwe kwa warithi. Familia isiyojua kuwa hisa zipo haifungui chochote, na gawio huendelea kutangazwa kila mwaka bila mtu wa kulidai. Mwenye hisa anaweza kuliepusha hilo kwa ukurasa mmoja wenye jina la wakala, namba ya akaunti ya CDS, namba ya akaunti ya vipande na benki inayopokea riba, uliowekwa pamoja na hati ya nyumba na kuonyeshwa kwa mke au mume na mtoto mmoja mkubwa.